Siku Mnyama wa Jiwe Aliponitapikia

Jumapili, 6 Mei 2012

Leo nimesema uongo kanisani. Mdogo tu. Baada ya misa Padri alitangaza kwamba siku ya Kupaa jumuiya yetu ya Wakatanga wa Kongo itatembelea cloître ya kanisa moja la kale hapa Brussels: ua wa ndani wenye baraza nne za mawe, kazi ya mafundi wa miaka mia sita iliyopita. Akauliza nani ataweza kutueleza. Wote wakamgeukia mzee wetu mmoja, Papa Anaclet. Eti kwa sababu alikuwa mwashi Likasi miaka thelathini! Matofali na Gothique, ujenzi wa makanisa yale ya kale, ni kitu kimoja?

Nikasimama. Nikasema mimi, Donatien Ngoy, nilisoma architecture Lubumbashi. (Miezi miwili. Kuchora kwa rula. Nikafukuzwa.) Maman Mbombo akageuka kunitazama. Mjane, sauti ya kwanza ya kwaya. Miaka miwili nakaa nyuma yake na hajawahi kugeuka! Donc, nitaongoza mimi.

Anaclet alipiga makofi. Mnafiki.

Jumanne, 8 Mei

Baada ya kazi (nasukuma vigari vya chakula hospitalini Jette) nimepitia maktaba. Nimeazima kitabu kinene, picha safi. Nimekibeba hadi nyumbani Berchem, nikakifungua. Kiflemish chote! Miaka kumi na mmoja Ubelgiji na Kiflemish ninachojua ni salamu.

Bon. Picha zinatosha. Nimegundua haya: matao yana ncha juu. Dari ina mbavu. Nguzo zina vichwa, na vichwa vina majani. Majani gani? Kitabu kinajua, hakitaki kusema.

Jumamosi, 12 Mei

Nimekwenda kukagua cloître kwa siri. Nani yuko pale? Anaclet! Amepiga magoti, anapapasa kitako cha nguzo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikajificha nyuma ya nguzo ya pili. Nguzo zile ni nyembamba. Mimi siyo. Akanisalimia.

Akasema yeye haogopi mawe, anaogopa watu. Kusema mbele yao kunamkausha koo. Kwa hiyo afadhali anipe mimi yote anayoyajua, niyaseme. Mtego wa wazi kabisa! Nimwage maneno yake, halafu kila mtu ajue ni yake. Nikamjibu kwamba wasomi hatuazimani. Akaonyesha juu, kwenye wale wanyama wa jiwe waliotoa shingo nje ya paa na kupanua midomo, akaanza kunieleza kazi yao. Nikamkatiza. Nikasema wale nawajua vizuri sana.

Hakukasirika hata kidogo. Ndiyo maana simwamini.

Alhamisi, 17 Mei. Kupaa

Nitaandika kila kitu.

Watu thelathini na wawili. Mimi na suti ya kijivu. Nilianza vizuri mno! Niliwaonyesha majani kwenye vichwa vya nguzo, nikasema ni sombe, majani ya muhogo, ushahidi kwamba mafundi wale walikuwa wamesikia habari za Kongo. Maman mmoja alilia. Wengine wakapiga picha. Waliponiuliza kwa nini dari hii nzito haianguki, nikajibu: sala. Amina kutoka pande zote nne. Maman Mbombo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayeonja mchuzi mzuri.

Nikaenda kusimama katikati ya ua, kwenye nyasi, wazi, ili wote waliokuwa barazani wanione. Mvua ikaanza. Nikasogea ukutani, chini ya mnyama mkubwa kuliko wote. Ndipo Anaclet akapaza sauti:

“Donatien, ingia ndani! Ile munyama itakutapikia!”

Wivu! Nikajua anataka kunikatiza pale pale patamu. Nikanyoosha mkono juu, nikatangaza kwamba huyu ni shetani aliyefungwa na mafundi wale, na tangu siku hiyo mdomo wake hauna nguvu.

Akatapika. Maji ya paa zima, na jani bovu, na manyoya ya njiwa, yote kichwani kwangu. Kumbe ndiyo kazi yao, kutema maji ya mvua mbali na ukuta! Padri alicheka hadi akakumbatia nguzo.

Halafu wakamwomba Anaclet aendelee. Alianza kwa sauti ndogo, anatazama viatu. Alieleza jinsi mbavu za dari zinavyokusanya uzito na kuupeleka kwenye nguzo, na zile nguzo nene za nje zinavyousukuma urudi. Kisha akaweka kidole kwenye mkwaruzo mdogo ukutani. “Alama ya fundi,” akasema. “Muntu asiyejulikana jina. Na mimi nilikuwa na yangu, niliacha kwenye nyumba nyingi Likasi, sijui kama zingali zimesimama.” Watu wakasogea kuigusa kwa zamu. Hata mimi nilifuta macho. Nadhani ni manyoya.

Maman Mbombo alinipa pagne yake, kitenge cha mabegani, nijipanguse. Pagne yake!

Ijumaa, 18 Mei

Mafua makali. Nimeifua pagne, nimeipiga pasi mara mbili. Mwanamke hampi mtu yeyote tu pagne. Nimempigia simu. Kaniuliza hali, kwa upole. Halafu kaniomba namba ya Papa Anaclet. Ana swali kuhusu ile alama. Nimempa. Tarakimu moja nimekosea. Vidole vya mtu mwenye homa.

Jumapili, 20 Mei

Kabla ya misa Anaclet amekuja kwangu na sufuria ya supu ya kuku. Amesema mimi najua kusema na yeye anajua mawe, kwa nini tusifanye pamoja? Nimekunywa bakuli mbili. Nimemwambia nitafikiri. Kwa dakika nzima nilifikiri kweli.

Tukaenda pamoja kanisani. Mwisho wa misa Padri akatangaza kwamba Septemba tutakwenda kuona madirisha ya vioo vya rangi. Hajamaliza kuuliza, nimeshasimama. Nimewaambia babu yangu alikuwa fundi mkuu wa vioo Kolwezi.

Anaclet, kando yangu, akaninong'oneza kwamba hajawahi kusikia fundi wa vioo Kolwezi, hata mmoja.

Nimemjibu ndiyo maana babu alikuwa mkuu.