Ufukwe wa Kanoni na Mtumbwi wa Baba Mdogo

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimeamka na wazo! Juzi stendi ya Kayanga, nikisubiri simu ijae chaji, nilisoma orodha ya mambo kumi ya kufanya katika mji fulani wa ufukweni. Kulala mchangani. Kupanda mtumbwi. Kutembea bila kwenda popote. Mimi nayafanya haya hapa kijijini kwetu Kanoni miaka yote na watu wananiita mvivu. Kumbe ni utalii!

Na wazo limekuja wakati wake. Jumamosi tunapeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa Mzee Apolinary, kumposa binti yake Evaresta. Lazima ataniuliza nafanya kazi gani. Mwaka jana nilijibu "mipango," akaaga kwenda kutazama mbuzi na hakurudi. Safari hii nitajibu: mkurugenzi wa ufukwe. Bahari hatuna, lakini bwawa la kunyweshea ng'ombe lipo.

Baba Mdogo Kashaija amefukia ndizi shimoni leo, akawasha moto pembeni ziive upesi. Kaniambia kazi yangu wiki hii ni moja tu: nisifanye chochote. Nimeumia.

Jumanne, 8 Julai

Ndoo arobaini za mchanga hadi bwawani. Mgongo umekufa. Nimetandika maturubai mawili ya wageni kuota jua, nikasimika bango: UFUKWE WA KANONI. PUMZIKA.

Kurudi mchana, maturubai yote yameanikwa kahawa! Kemilembe, jirani yetu, alinishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Nilipomweleza kwamba hapo watu watalala kifudifudi juani, aliuliza kwani hao watu hawana kwao.

Jumatano, 9 Julai

Placidius kapita. Huyu ni karani wa ghala la kahawa, mzaliwa wa Muleba, na anammezea mate Evaresta wangu. Kwa kuwa amekulia kando ya Ziwa Viktoria, anajifanya profesa wa fukwe. Kasema ufukwe bila mtumbwi ni tope tu, na kesho atakuja na Evaresta ajionee mwenyewe. Kenge!

Mtumbwi! Mbona upo? Ule wa Baba Mdogo wa kukanyagia ndizi: gogo moja lililochongwa, refu, wanaenea watu watatu. Aliachiwa na babu yake. Miaka yote umelala chini ya migomba bila kuonja maji. Nimeuonea huruma.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeuburuta alfajiri, Baba Mdogo akiwa misani. Mtumbwi wa kitalii lazima uwe na mwavuli, kwa hiyo nimetoboa tundu chini nikasimika mpini. Mtu mwingine asingefikiria kwamba maji yatapenya. Mimi nimefikiria! Nimeziba kwa sabuni ya mche.

Placidius alikuja na shati jeupe, akaketi mbele kama askofu. Evaresta, mwenye akili, alibaki ukingoni. Tulipofika katikati sabuni ikayeyuka. Mtoto wa Ziwa Viktoria hajui kuogelea! Alinikaba shingo akimlilia mama yake, mpaka ng'ombe alipokatiza mbele yetu, maji yakimfika magotini. Tukasimama. Evaresta alicheka hadi akakaa chini. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii.

Mtumbwi nimeurudisha. Habari za tundu sijamwambia Baba Mdogo. Ana presha.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kukanyaga ndizi. Nimewahi mapema, nikaziba tundu kwa gunzi na sabuni. Safari hii sabuni nyingi zaidi. Tumekanyaga na nyasi, tumetia mtama, tumefunika kwa majani ya migomba. Baba Mdogo kanisifu, mara ya kwanza tangu kipaimara changu.

Jumamosi, 12 Julai

Nusu ya rubisi imevuja. Iliyobaki tumeipeleka kwa Mzee Apolinary. Povu lile! Mzee hajawahi kuona povu namna ile. Aliita majirani walitazame. Kisha akanywa.

Akajifuta mdomo, akauliza nafanya kazi gani. Nikajibu. Akauliza kama ufukweni kwetu tunafua nguo.

Ikabidi niseme yote. Baba Mdogo hakunigombeza. Alilia, mtu mzima, mbele za watu, kwa ajili ya mtumbwi wa babu yake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Evaresta ndiye aliyepiga magoti kuniombea kwa baba yake. Mzee kanipa wiki moja: nilete rubisi safi, au nisikanyage tena uani kwake.

Jumapili, 13 Julai

Baba Mdogo kaazima mtumbwi kwa shemeji yake wa Kibingo, kaufungia chumbani kwake, ufunguo kauvaa shingoni pamoja na rozari. Ndizi nyingine zimeingia shimoni. Ndizo za mwisho zilizokomaa shambani.

Evaresta alikuja baada ya misa, kaniapisha kwa jina la marehemu mama yangu: sitagusa mtumbwi, wala sabuni, wala turubai. Nimeapa kwa moyo wangu wote. Nampenda yule mwanamke, na sitaki kumpoteza.

Jioni nimekwenda kukagua shimo. Joto lake! Mvuke unafuka taratibu, unanukia utamu. Nikakumbuka jambo la nane kwenye ile orodha: wageni hukaa kwenye mvuke watoke jasho, wakatoka wapya.

Kwenye kiapo shimo halikutajwa. Ndizi nimeshazitoa.