Nilivyomfelisha Mwenye Kiwanda

Jamani, leo sura yangu nimeiacha Miyuji. Nimerudi nyumbani bila hiyo.

Wastaafu wenzangu mnivumilie, naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Mke wangu ameniuliza kama nina homa. Sina homa. Nina aibu.

Mnajua kwamba siku hizi najitolea kwenye shirika moja linalowatafutia wakimbizi kazi. Wanachofanya ni hivi: wanakwenda kuzungumza na kampuni binafsi, wanawatoa hofu wenye kampuni, kisha wanawaandaa wakimbizi wenye vibali vya kazi ili wakifika kwenye usaili wasibabaike. Hapo kwenye kuwaandaa ndipo ninapoingia mimi. Si mnakumbuka nilikuwa karani wa ajira? Basi nakaa mbele ya meza, najifanya bosi mkali, nawabana maswali. Anayekaa vibaya namkemea. Anayejibu kwa kunong'ona namkemea. Ni kazi ninayoipenda kupita kiasi. (Leo nimejua ni kupita kiasi kweli.)

Sasa leo haikuwa siku ya mazoezi tu. Mwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti alikuwa amekubali kuja mwenyewe, kwenye ukumbi wa kanisa tunaoutumia hapo Miyuji, awaone watu wetu kwa macho yake ndipo aamue. Akikubali, wanaanza kazi wiki ijayo. Akikataa, hatuna kampuni nyingine. Wenye kampuni wengine wote wametuambia maneno yale yale: "Mkimbizi nitamfundisha kazi leo, kesho arudi kwao."

Aliyekuwa na roho juu kuliko wote ni Mama Riziki. Huyu ni mama kutoka Kongo, ana watoto wanne, anaishi kwa kufua nguo za watu. Kampuni mbili zimeshamkataa, moja hata kabla hajakaa kwenye kiti. Jana aliniambia, "Papa Ndahani, hii ya kesho ikikataa, mimi sitakuja tena. Mikono imechoka na sabuni, na roho nayo imechoka." Nikamwambia asihofu, mimi nipo.

Mimi nipo! Sikilizeni sasa.

Asubuhi nikafika mapema, nimevaa koti langu la harusi ya binti yangu. Watu wangu wameshafika, wamekaa kwenye benchi, nguo zimepigwa pasi mpaka zinakata. Nikafurahi. Mara Dada Rehema akapiga simu. Huyu ndiye afisa wa shirika, bosi wangu, japo ana umri wa mjukuu wangu wa kwanza.

"Shikamoo babu. Mimi nimekwama mjini kidogo. Kuna mtu mmoja anakuja huko, yuko njiani kutoka Chemba. Akifika mpokee vizuri."

"Marahaba. Usiwe na shaka," nikasema, nikakata simu.

Kichwani mwangu, mtu huyo alikuwa mkimbizi mwingine aliyechelewa. Mwenye kiwanda nilimsubiri aje na gari kubwa, na Rehema pembeni yake. Sikuuliza swali hata moja. (Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuuliza maswali!)

Haikupita muda, lori la magunia likasimama barabarani. Akashuka kijana mmoja, vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, maganda ya alizeti yamemganda shingoni, kofia imekaa upande. Akaingia ukumbini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa!"

"Samahani mzee, gari limeniharibikia kule Chemba, ikabidi nidandie..."

"Kwenye usaili hatusemi habari za gari. Vua kofia. Kaa pale."

Akavua kofia. Akakaa pale, mwisho wa benchi, karibu na Mama Riziki. Akafungua mdomo, "Mzee, mimi jina langu..."

"Jina baadaye! Subiri uulizwe."

Nyie mnajua watu wetu. Kijana aliyelelewa hamkatizi mzee. Akanyamaza. Na mimi nikaona hapa nina mwanafunzi mbichi, na bosi anakuja muda wowote, ngoja nimnyooshe harakaharaka wenzake wajifunze kupitia kwake. Nikamwita mbele ya meza.

"Umeshawahi kufanya kazi wapi?"

"Nilianza kwa kufagia kiwandani, mzee. Baadaye nikawa napakia magunia."

"Vizuri. Na sasa?"

Akasita. "Sasa nasimamia simamia tu."

"Nasimamia simamia!" Nikageukia benchi. "Mmesikia? Hilo ni jibu la mtu aliyefukuzwa kazi, hataki kusema!"

Watu wakacheka kidogo. Na yeye akatabasamu. Nikamwambia afute tabasamu, kazi haitafutwi kwa meno.

Hapo Mama Riziki akainua mkono. "Papa, samahani. Angalia shati yake."

"Nimeiona, mama. Ni chafu. Ndiyo maana nawaambia kila siku, vaeni nguo safi."

"Hapana papa, pale kwenye mfuko..."

"Mama Riziki! Nimewafundisha nini? Hujaulizwa, hujibu."

Akashusha mkono. Akaangalia sakafu. (Miwani yangu ilikuwa mfukoni. Naivaa nikisoma tu, kwa sababu mke wangu anasema inanizeesha.)

Nikaendelea. Eti nimepamba moto.

"Unamjua mwenye kiwanda cha alizeti?"

"Namjua, mzee."

"Ni mtu wa namna gani?"

Akafikiri. "Wa kawaida tu."

"Kosa! Bosi hasemwi wa kawaida. Unasema ni mtu mkarimu, mwenye upendo na wafanyakazi wake. Hata kama si kweli." Kisha, Mungu anisamehe, nikainama mezani, nikashusha sauti kama mtu anayetoa siri, lakini ukumbi ule unarudisha mwangwi hata ukikohoa. Nikasema, "Na huyu si kweli. Kijiweni kwenye kahawa wanasema ni bahili hasa. Wafanyakazi wake wanakunywa chai isiyo na sukari. Lakini wewe useme mkarimu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Mwajiri akikuuliza, 'Utarudi lini kwenu?' utajibu nini?"

"Narudi kila jioni, mzee."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikapiga meza. Nikaona huyu ananifanyia mzaha, na kwa mzaha wake atawaponza wenzake. Nikamwambia wazi, nayanukuu maneno yangu kama yalivyotoka: "Kijana, wewe hapana. Huna nidhamu ya kazi. Bosi akifika, wewe kaa nyuma ya mlango, usitoe sauti. Usije ukawaharibia wenzako."

Kijana akainuka. Akasema, "Sawa, mzee." Akachukua kiti cha plastiki, akaenda kukaa nyuma ya mlango.

Jamani, alikwenda! Alikaa nyuma ya mlango!

Ndipo Dada Rehema akaingia, anahema, mlango akausukuma nusura umpige yule kijana. Akamwona. Akashika kifua.

"Mkurugenzi! Mbona umekaa huku?"

Rehema akaendelea, wala hajui anachokoroga: "Babu, ahsante kwa kumpokea. Naona mmeshazoeana."

Nikatoa miwani. Nikavaa. Nikasogea. Kwenye mfuko wa shati, chini ya vumbi, limeshonwa jina la kiwanda, na ua la alizeti la njano. Hata mtoto angeliona.

Nilitaka kuomba radhi. Naapa nilitaka. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa, nimeshayapanga. Lakini mdomo haukunisubiri. Nikainamisha kichwa mbele ya kijana yule, mimi mzee mwenye mvi, wajukuu na koti la harusi, nikasema kwa sauti:

"Shikamoo."

Nilisikia kuku wa padri nje.

Kijana wa watu akaruka kutoka kwenye kiti kama ameketi juu ya kaa la moto. "Hapana mzee! Hapana, hapana! Shikamoo wewe!"

"Marahaba," nikasema. Halafu sijui nini kilinisukuma, nikaongeza: "Chai yenu ni nzuri."

Rehema akaniangalia, akamwangalia yeye. "Chai ipi?"

Nikakaa chini. Nikamtazama Mama Riziki, na hapo ndipo moyo ulipouma kweli. Hakuwa anacheka. Macho yamejaa machozi. Alikuwa anahesabu kampuni ya tatu. Na safari hii hakukataliwa kwa sababu ni mkimbizi. Alikataliwa kwa sababu yangu.

Na niseme kosa langu lote, si nusu. Nilimwona mtu ana vumbi, nikaamua ni mkimbizi. Wakimbizi wenyewe walikuwa wamekaa pale wasafi kuliko mimi. Ningemwona amevaa suti ningempa kiti changu.

Mkurugenzi akajipangusa shingo, akaja kukaa kwenye meza yangu. Akasema kwa upole, "Tuanze. Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyeinuka. Ndipo Mama Riziki akasimama, akaenda. Nikafumba macho.

"Mama, sina maswali mengi, mzee ameyamaliza," akasema mkurugenzi. Watu wakaguna. "Nina moja tu. Mwenye kiwanda cha alizeti ni mtu wa namna gani?"

Nikasema moyoni, sema mkarimu. Sema mwenye upendo. Sema kama nilivyokufundisha!

Mama Riziki akasema, "Mimi simjui. Papa amesema ni mkarimu, papa amesema tena ni bahili. Mimi nimeona moja tu. Ameonewa mbele ya watu, angeweza kujitaja, mzee wa watu aaibike pale pale. Hakujitaja. Alienda nyuma ya mlango." Nikafumbua macho, nikamwona anajifuta machozi na kitenge. "Hata mimi nimeshawekwa nyuma ya mlango. Bosi anayejua kule nyuma kukoje, nitamfanyia kazi, hata chai ikiwa haina sukari."

Mkurugenzi aliangalia meza. Nilimwona anajikuna pua, kama wanaume tunavyofanya tukitaka kuficha jambo.

"Jumatatu njoo," akamwambia. Akaangalia benchi. "Njooni wote. Nitaanza na ninyi, tutaona tunavyokwenda."

Wale watu walivyopiga vigelegele, kuku wa padri walikimbia. Mama Riziki alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Papa, siku nyingine ukiambiwa angalia shati, angalia shati."

Nilikuwa natafuta mlango nitoroke nikasikia, "Mzee Ndahani!"

Ni mkurugenzi. Ameshavaa kofia yake.

"Na wewe Jumatatu uje," akasema. "Saa nne, muda wa chai. Uionje mwenyewe, halafu urudi kijiweni ukawape ripoti."

"Nitakuja, mkurugenzi."

"Sukari ipo," akasema. "Ila wewe utakunywa ukiwa umekaa nyuma ya mlango."

Basi ndiyo hivyo. Jumatatu nakwenda, nimevaa miwani tangu nyumbani. Ninyi chekeni, hiyo haki yenu siwezi kuwanyima, ila chekeni bila kutuma sauti humu kwenye kundi: mke wangu amekaa hapa ubavuni, na mpaka sasa anaamini leo nilishinda nikiwafundisha watu namna ya kuongea na bosi.