Kompyuta Imesema Haipo

Jumatatu, 8 Juni

Nimegundua siri kubwa! Ukifungua ukurasa wa duka letu kwenye kompyuta, ukabonyeza Control na F kwa pamoja, kinatokea kisanduku pembeni. Unaandika neno, linawaka njano popote lilipo. Mzee Abdulla, tajiri wetu, anatafuta msimamizi wa tawi jipya la khanga pale karibu na Mnazi Mmoja. Tuko wawili tu, mimi na Stella. Stella anatafuta khanga kwa macho. Kwa macho! Zama hizi! Nimemhurumia kidogo, kisha nikaacha.

Jumanne, 9 Juni

Nimeandika “nyekundu” mbele ya Mzee. Ukurasa ukawaka wote. Mzee akasema kumbe Polycarp ana akili. Hilo “kumbe” nimelisamehe. Stella akauliza kama kisanduku kinasoma maandishi ya kwenye khanga yenyewe, maana wateja huulizia khanga kwa jina lake. Kijicho kitupu. Nikamwambia asubiri aone.

Jumatano, 10 Juni

Bi Mwanamize wa Mchafukoge kaja. Anamwoza binti yake, anataka sare ya ukoo mzima, yenye jina la kumchoma wifi yake. Alilitaja jina lenyewe kwa sauti, duka zima likaguna. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikaandika. Sifuri kwa sifuri. Yaani bila bila. Nikamwambia mama, haipo. Akasema mbona anaiona. Nikamweleza kwa upole kwamba kompyuta haikosei. Akanyoosha kidole nyuma ya kichwa changu.

Nilikuwa nimeiegemea.

Stella akaishusha. Akasema stoo kuna robota zima la khanga hiyo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na kikombe chake cha kahawa.

Alhamisi, 11 Juni

Nimechunguza. Kumbe maandishi yaliyo ndani ya picha kompyuta haiyasomi, kwake hiyo ni picha tu. Tena ukurasa wetu hauji wote kwa pamoja. Khanga za chini hazitafutiki mpaka uushushe mpaka mwisho. Kwa hiyo tangu Jumatatu nimefukuza wateja wa vitu tulivyonavyo! Roho imeniuma sana. Nalitaka lile tawi, na mama kule Masasi nimeshamwambia mimi ni bosi. Mzee amenipa nafasi ya mwisho. Niandike jina la kila khanga chini ya picha yake, atakagua Jumamosi, kisha atatangaza.

Ijumaa, 12 Juni

Majina ya khanga ni marefu mno. Nimepata akili bora zaidi. Nimelala usingizi mtamu.

Jumamosi, 13 Juni

Mzee kakaa kwenye kompyuta, kaandika jina la khanga ya Bi Mwanamize. Bila bila. Kashusha ukurasa taratibu. Chini ya kila picha nimeandika neno moja: Polycarp. Nilidhani akitafuta mfanyakazi bora ataniona.

Tawi kapewa Stella. Mimi natakiwa kufungua robota stoo.

Lakini walipotoka nikabonyeza, nikaandika jina langu. Ukurasa wote njano, kuanzia juu hadi chini! Raha niliyoipata haielezeki. Kisha nikaandika “Stella”. Bila bila.

Nimempigia mama. Nimemwambia tawi wamempa mtu ambaye hayupo.