Hatua Elfu Arobaini za Kitini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba watoto, salamu nyingi huko ulikotangulia. Shajara sijui inaanzwaje, mimi najua barua tu, basi nakuandikia wewe. Mimi sijambo, ila presha. Binti yetu mkubwa hajambo, yuko kwa mumewe, mbali. Kitinda mimba hajambo, yuko darasa la sita, hesabu zinamkimbia. Mama yako hajambo, huuliza chai yake iko wapi na kikombe kakishika. Dada yako, huyo wifi yangu, hajambo kupita kiasi. Cherehani yako nayo haijambo, ndiyo inayotulisha.

Leo nesi kanipima. Akatazama mashine, akanitazama mimi, akatazama tena mashine. Akasema presha yangu ni ya kutisha. Ndiyo hii hii iliyokuchukua! Eti dawa peke yake hazitoshi, kukaa kitini kutwa kunanimaliza. Nitembee. Kutembea kunashusha presha, kunaupa moyo nguvu, kunaleta usingizi, hata mawazo kunapunguza. Nikamwambia mawazo yangu hayatembei, yamehamia. Hakucheka. Kanifunga kidude kifundoni mwa mguu, kinahesabu hatua. Elfu sita kila siku. Ijumaa atakisoma.

Nimeogopa. Nikifa, nani atamlea huyu mtoto? Wifi?

Jumanne, tarehe 4

Nimetembea mpaka kona ya duka. Wifi kanipita na raba zake nyeupe. Akaenda, akarudi, akanipita tena. Akauliza, wifi, umesimama au ndiyo mwendo? Nikamjibu namsubiri mtu. Nikarudi nyumbani na aibu yangu. Kidude: mia tisa. Magoti yanawaka moto.

Nikakaa kushona sare za watu. Jioni natupa jicho: elfu kumi na moja! Mguu ukikanyaga cherehani, kidude kinadhani niko safarini. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, tarehe 6

Elfu arobaini. Sijainuka ila kwa haja. Kitinda mimba kaniletea chakula hapa hapa. Akanikumbusha nesi alisema nitembee. Nikamwambia natembea, mwanangu, ila sifiki. Akaenda kukaa na bibi yake. Hakula.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa.

Nesi alisoma kidude, akaita wenzake. Wakanipigia makofi! Wifi naye alikuwepo, kaja kupimwa ili tu nione yake ilivyo nzuri. Akanuna. Furaha yangu ya kwanza tangu tukuzike.

Kisha wakanipima. Imepanda. Nesi akasema mtu anayetembea hivi na presha haishuki, basi ana jambo zito moyoni. Akampigia simu binti yetu palepale. Aje upesi, mama apelekwe hospitali kubwa.

Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Nikamwona wifi ananitazama, nikaufunga.

Jumapili, tarehe 9

Binti kafika, macho mekundu. Hajala tangu Ijumaa. Akaniambia baba alishaenda, na mama wa akiba hatuna. Nikamweleza habari yote ya cherehani.

Akalia. Akacheka. Akalia tena. Akasema, mama, utatuzika sisi kwanza. Kisha akampigia nesi, nami nikajificha jikoni kama mtoto aliyevunja chungu.

Ijumaa, tarehe 14

Siku tano tumetembea, mimi na binti yetu, mkono kwa mkono. Siku ya kwanza mpaka duka, jana mpaka shuleni na kurudi. Wifi alijiunga bila kualikwa, akachoka kabla yangu maana alikuwa anasema njia nzima. Usiku nalala kama gogo. Magoti yamenyamaza.

Leo nesi kanipima: imeshuka. Si sana, ila imeshuka. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Akasema tu niendelee hivyo hivyo, dawa na miguu, nisiache hata siku moja.

Mchana binti kaondoka. Kaniacha mlangoni nimeshika khanga yake aliyoisahau. Nyumba imepoa ghafla.

Nimekaa nikawaza, nikaelewa kila kitu. Miguu haikushusha chochote. Aliyeshusha ni mwanangu! Mtoto akiwa karibu, moyo wa mama unatulia. Nesi angejuaje, hajazaa bado.

Basi mpango ni huu. Kuanzia kesho sitembei. Presha itapanda, nesi atapiga simu, binti atakuja. Akija, itashuka. Nitapona bila jasho, na mwanangu nitamwona. Sioni tundu popote.

Wewe unaonaje, baba watoto? Nijibu upesi. Lakini kwa ndoto tu. Usije mwenyewe kunichukua.