Taa Tatu za Seva

Jumatatu, 3 Machi 1997

Seva, kompyuta kuu ya ofisi, imefika kutoka Nairobi. Dude jeusi, kubwa kama friji ya soda, la kutunza rekodi zote za minofu ya mbuta, yaani sangara, tunayouza ng'ambo. Nilijua nitalisimamia mimi. Meneja, Bwana Muhidin, amempa Rehma ufunguo wa chumba. Rehma! Niliyemfundisha mimi kupiga taipu. Eti amekwenda kozi ya kompyuta. Nimempongeza. Chai ikawa shubiri.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: nigundue kasoro, niripoti, ufunguo uje kwangu. Rehma alipokwenda kuswali adhuhuri aliuacha mezani. Nikaingia. Mfuniko wa mbele wa seva una kibanio pembeni. Nilikiona baada ya kukivunja. Ndani, diski tatu, kila moja na taa yake. Mbili za kijani, zimetulia. Ya tatu ya manjano, inapepesa. Kasoro! Nikaurudisha mfuniko kwa selotepu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeripoti. Meneja akasema Rehma alimwambia tangu jana asubuhi: diski moja imekufa, nyingine inakuja kwa ndege Ijumaa. Akauliza selotepu ni ya nani. Nikasema sijui.

Rehma akaniita kando. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Bwana Absalom, zile za kijani usiguse. Ndizo zinabeba kazi ya ile iliyokufa."

Mtu hakatazi bure. Kuna siri kwenye zile za kijani.

Ijumaa, 7 Machi

Rehma kaenda uwanja wa ndege kuchukua diski. Nafasi yangu. Taa ya manjano, kama zile za barabarani Nairobi, maana yake jiandae, kijani kinafuata. Nikachomoa diski ya kijani niiweke pale penye ya manjano. Skrini za ofisi nzima zikaganda. Hati za shehena hazikutoka, na lori la samaki lilikuwa tayari getini. Milka wa mauzo alilia mbele ya dereva. Mpaka Rehma aliporudisha rekodi kutoka kwenye kanda ya akiba, barafu ilikuwa maji na samaki wananuka.

Meneja alipouliza, Rehma alisema tu kwamba diski ilichomolewa. Hakunitaja. Wote walinigeukia hata hivyo. Kama si kozi yake, nani angenishuku?

Jumatano, 19 Machi

Asembo Bay. Nimehamishiwa kituo cha kununulia samaki. Nyumbani nimesema nimepandishwa cheo. Gugumaji limefunga ufuo, wavuvi wamenuna, nami napima omena, vidagaa vya ziwani. Msimamizi hapa ni Beldina. Ana mizani mpya ya umeme yenye taa ndogo nyekundu. Nimemuuliza ya nini. Akasema niiache, mizani inafanya kazi.

Jibu la mtu asiyejua. Mfuniko wa mizani una skrubu nne tu, na Beldina kesho anakwenda Kombewa hospitali.