Sikio Jeupe la Karani

Jumatatu, 9 Juni

Baba ametangaza. Jumapili anahamia kwa dada yangu, moja kwa moja. Alisema huku anapaka siagi kwenye mkate, kana kwamba anazungumzia mvua. Eti nyumba yangu imepoa. Mtu anaingia, mtu anatoka, hakuna anayeshtuka. Nikamuuliza kwani zamani alishtuka nani. Akasema Karani.

Karani! Mbwa wetu wa utotoni. Mrefu, rangi ya kahawia, sikio moja jeupe. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikaa langoni akikagua kila mgeni. Jioni baba akitokeza kwenye kona alipiga mluzi wa vidole viwili. Karani alichomoka, mimi nyuma yake, na mama akabandika maji ya kuoga. Naandika haya macho yamelowa. Lakini dada asidhani ameshinda. Natafuta mbwa.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji, kaka wa mke wangu, muuza dawa. Mtaa mzima unamwita Bwana Ushauri. Amekuja bila kuitwa. Ameniambia nitazame nyumba kwanza, mbwa baadaye. Tunaishi ghorofani, hatuna ua, mzee ana magoti mabovu, na mimi nashinda karakanani hapo chini nachora vibao. Kwa hiyo nichukue mbwa mtu mzima, mfupi, mpole, asiye na haja ya kukimbia. Nikamwambia arudi kwenye vidonge vyake. Mfupi! Karani alinifika kiunoni. (Nilikuwa mdogo, lakini hata hivyo.)

Mchana nimempata wa kwangu kwa mlinzi wa ghala la mbao. Kijana, miguu mirefu, kahawia tupu. Mlinzi alionya kwamba huyu amezoea kukimbia ghalani kutwa nzima. Nikasema atazoea kwetu. Kasoro moja tu: sikio jeupe hana. Sasa mimi ni mchora vibao au si mchora vibao?

Jumatano, 11 Juni

Nimesaga chaki, nikakoroga na wanga, nikampaka sikio la kushoto. Kazi safi. Nikampeleka kwa baba na kumwambia huyu ni kitukuu wa Karani, nimemsaka kwa jasho. Baba akavaa miwani. Akamtazama weee. Akasema sikio jeupe la Karani lilikuwa la kulia.

La kushoto! Nakumbuka vizuri kabisa. Sikubishana, mzee ni mzee. Nikapaka na la kulia. Mbwa akatikisa kichwa pale sebuleni, karibu na gauni jeusi la mke wangu, ambalo sasa si jeusi. Mimi na mke wangu hatusemezani.

Alhamisi, 12 Juni

Mkia wa mbwa umepita juu ya kibao cha kinyozi, rangi ikiwa mbichi. Kinyozi alikuja, akatazama, akaondoka bila neno. Afadhali angenitukana.

Habari njema: mbwa ametafuna kandambili moja ya baba. Baba alikuwa ameshatoa sanduku na kuanza kupanga nguo, akakwama hapo. Ataendaje kwa dada na kandambili moja? Mpango unakwenda, ingawa si kwa njia niliyoipanga.

Ijumaa, 13 Juni

Leo sina mzaha. Baba alitaka kumteremsha mbwa mwenyewe. Katikati ya ngazi mbwa akaona paka. Jirani wa chini alimdaka baba mkono, la sivyo sijui. Baba akakaa kwenye ngazi akihema. Akasema hajaumia, akaomba radhi kwa usumbufu. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama usoni.

Nimemrudisha mbwa ghalani. Alikimbia katikati ya mbao mpaka chaki ikapukutika yote. Nililia kidogo. Nilimwambia mlinzi ni vumbi la mbao.

Jumamosi, 14 Juni

Bwana Ushauri ametupeleka, mimi na baba, kwa daktari wa mifugo anayetunza mbwa walioachwa na wenyewe. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa jitu moja lenye kifua cha bondia. Baba akakaa kwenye benchi. Kibwa cheusi, kizee, kifupi cha kuchekesha, kikajikokota kikamlalia miguuni. Daktari akasema masikio yake hayasikii tena. Nikamnong'oneza baba kwamba huyu hafanani na Karani hata chembe.

"Mwanangu," baba akasema, "mimi sikumkumbuka mbwa. Nilikumbuka kupokewa."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Bado naona lile jitu lingetufaa zaidi. Tumerudi na kizee.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni, limefungwa, dada akitarajiwa mchana. Baba akatoka kwenda kununua gazeti. Mimi karakanani, nachora upya kibao cha kinyozi. Mbwa kwenye kizingiti, anakoroma.

Kisha nikasikia mluzi. Wa vidole viwili, kutoka kwenye kona, umechakaa kidogo lakini ni ule ule. Mbwa hakutikisa hata sharubu. Nilichoshtukia ni miguu yangu ikikimbia barabarani, brashi mkononi, rangi ikinidondokea kwenye suruali.

Baba alikuwa anacheka huku anafuta macho. "Hata enzi zile," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa unafika wa kwanza."

Nikampokea gazeti, tukarudi polepole. Mke wangu alituona kupitia dirishani, akabandika maji. Baba amerudisha nguo zake kabatini. Dada amekuja, amekula, ameondoka peke yake.

Bwana Ushauri anazunguka mtaani akijisifu kwamba ushauri wake umeokoa nyumba. Na wazo la mbwa lilikuwa la nani?

Kizee kimelala chini ya meza yangu ninapoandika. Masikio yote mawili meusi tii. Chaki imebaki nusu kopo. Kesho baba akienda kunyolewa, nitaanza na la kushoto.