Nafasi ya Marehemu Zernick

Jumatatu, 6 Oktoba
Roswitha kapanda ngazi kumi na mbili, kapumzika mara tatu. Mke aliyekuwa akinishinda kwa baiskeli! Daktari wetu alistaafu tangu Pasaka, na zahanati yake sasa ni duka la miwani. Mjini kabaki Daktari Henschel peke yake. Nikapiga simu. Karani wake, Bibi Plötz, akauliza tuna bima gani. Ya umma, nikasema. Orodha imejaa, akasema. Nikakata, nikapiga tena kwa sauti nzito: bima binafsi. Mje kesho saa tatu! Akili ni mali.

Jumanne, 7 Oktoba
Bibi Plötz akaomba kadi ya bima. Nikajipapasa mifuko yote, hata ya Roswitha. "Bwana Pagel," akasema, "sauti yako naijua. Umenikagulia tiketi kwenye treni miaka kumi." Wagonjwa wote wakacheka. Roswitha hakucheka. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Au hakuwa na pumzi ya kusemea.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mpango mpya. Orodha ikijaa, nafasi hupatikana mtu akifa. Gazetini: Mzee Zernick, fundi saa, amefariki. Alikuwa mgonjwa wa Henschel! Mazishi kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimevaa suti nyeusi. Nimeimba kuliko kwaya. Baada ya maziko, kwenye kahawa ya wafiwa, nikamsogelea mjane, Bibi Hilde. Nikampa pole. Nikamuuliza kama nafasi ya marehemu kwa daktari imeshachukuliwa.
Bibi Hilde akaweka kikombe chini.
Akauliza nani anaumwa. Mke wangu, nikasema, na sijui kwa nini sauti ikanikatika.
"Hata udongo haujakauka, we mzee!" akasema. Akafuta macho. "Haya. Jumatatu nitakwenda kumwombea nafasi mwenyewe."

Jumatano, 15 Oktoba
Roswitha kapokelewa! Mpango wangu umefaulu. (Bibi Hilde alisimama mbele ya meza ya Plötz saa mbili nzima, mpaka Henschel akatoka.) Daktari akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Muda mrefu mno. Moyo umechoka, akasema. Laiti angemwona majira ya kuchipua. Sasa aende kwa bingwa wa moyo, upesi. Nimepiga simu kwa bingwa, hospitalini. Siku ya karibu kabisa: Machi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Roswitha yuko dirishani, blanketi magotini. Makundi ya korongo yanapita juu, yanaelekea kusini. Akanishika mkono wa shati.
"Ewald, mipango basi. Siku zenyewe huenda ni chache. Kaa nami tu, tuwatazame."
Nikamwambia nitakaa Jumapili. Leo haiwezekani. Muuza nyama amekubali kuniazima koti lake jeupe, na hospitalini mwenye koti jeupe haulizwi aendako. Madoa ya damu nimeyaloweka tangu asubuhi. Yanaanza kutoka.